Nembo mpya ya klabu yetu ya mtaani hapa Tabora imewafuta wazee wetu, na viongozi hawataki kuulizwa

Ndugu wanamichezo wa Tabora na kwingineko, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Klabu yetu ya mtaani, ambayo jina lake siliandiki kwa sababu bado nataka shauri hili lizungumzwe na wanachama wenyewe kabla halijafika mbali, imetoa jezi mpya. Kifuani pana nembo mpya, na chini ya nembo pameandikwa mwaka wa kuanzishwa. Mwaka huo ni ule ule ambao viongozi waliopo waliingia madarakani. Maana yake ni kwamba kabla yao hapakuwa na klabu, na wazee waliotufundisha kupiga mpira walikuwa wakicheza chandimu tu.

Tulipouliza, mwenyekiti alijibu kwamba huo ndio mwaka uliomo kwenye hati mpya ya usajili, na kwamba mambo ya zamani hayana karatasi. Jibu hilo limeniudhi kuliko hata nembo yenyewe, kwa kuwa karatasi zilikuwepo na yeye alikabidhiwa kwa mikono yake.

Kulikuwa na daftari la jalada gumu, mgongo wake wa kitambaa chekundu, ambalo makatibu walikuwa wakirithishana. Nimelishika na nimelisoma. Kurasa za mwanzo zilikuwa na majina ya waliochanga na kiasi walichotoa, na mbele ya baadhi ya majina limeandikwa neno "bado", likapigwa mstari mara mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa wa viatu, kwani enzi hizo viatu vilikuwa mali ya klabu wala si ya mchezaji: nani kachukua jozi ya namba ngapi, nani karudisha, nani kahamia Mpanda navyo miguuni. (Huyo wa Mpanda alikuwa winga mzuri sana, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyemfuata kudai viatu.) Katikati zilibandikwa kwa gundi barua zenye kichwa cha FAT, na kwa wadogo zetu wasiojua, FAT ndilo lilikuwa jina la chombo cha soka nchini kabla hakijaitwa TFF. Anayesema klabu hii ilizaliwa juzi atueleze barua hizo alikuwa akiandikiwa nani.

Siku ya makabidhiano daftari lilitolewa pamoja na mhuri, mipira, na kombe la bati lililokatika mkono mmoja. Mhuri upo, kwa sababu mhuri una kazi. Kuhusu daftari na kombe, tumeambiwa kwamba stoo ilisafishwa na "takataka" zikachomwa.

Sidai kwamba klabu hii ilikuwa kubwa. Ilianzishwa na vijana wa Ng'ambo na Kanyenye, wengi wao watoto wa wafanyakazi wa reli, na hilo liliipa tabia yake yote. Tabora ni njia panda ya reli ya Kigoma na ya Mwanza, kwa hiyo mzazi akihamishwa kituo, beki wako wa kati anaondoka naye katikati ya ligi, na wiki inayofuata anashuka stesheni kijana mgeni kutoka Uvinza ambaye kumbe ni kipa. Mechi za Urambo na Kaliua walizifuata kwa treni, daraja la tatu, jezi zikiwa ndani ya gunia, na wakati mwingine timu ilirudi kesho yake kwa sababu treni ilichelewa. Tumeishia ligi ya wilaya na ligi ya mkoa. Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako ndiko mlango wa kwendea juu ulipo, tumeisikia kwa wenzetu tu. Miaka ya tisini ilikuwa ya njaa na sina mengi ya kuisimulia. Timu iliendelea kuwepo, na kwa hali ile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa turudi kwenye usajili, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Vilabu vya michezo katika nchi hii husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na klabu inayosajiliwa huwa na katiba. Katiba yetu ya zamani ilisema wazi kwamba mali na nafasi ya klabu ni za wanachama, na uamuzi wowote juu ya vitu hivyo ni wa mkutano mkuu. Viongozi hawa hawakuhuisha usajili ule. Walifungua mwingine, wenye katiba nyingine, ambamo wao wenyewe wametajwa kuwa ndio "waanzilishi", na wazee waliolipa ada tangu ujana wao wamekuwa mashabiki. Kwa hiyo mwaka ule kwenye jezi si urembo. Ni hati ya umiliki iliyoshonwa kifuani, na siku atakapotokea mwenye pesa anayetaka kununua nafasi yetu ya ligi, hatakuwepo mwanachama hata mmoja mwenye haki ya kukataa.

Watu wa Tabora hatuhitaji kufundishwa kwamba majina ya timu huhama. Timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023 ilipanda ikiitwa Kitayosce, jina lenye asili ya Kilimanjaro, ikawa Tabora United, na sasa ni TRA United. Sina ugomvi nao. Wametuletea Simba na Yanga katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, raha tuliyoikosa tangu Rhino Rangers iliposhuka mwaka 2014. Nasema tu kwamba tumeona kwa macho jinsi nafasi ya ligi ilivyo na thamani.

Na wale wanaodai kwamba usajili mpya au jina jipya huleta mwaka mpya wa kuzaliwa, wawaambie hivyo Simba. Klabu ile imepitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland, ikaitwa Simba mwaka 1971, na mpaka leo inahesabu umri wake kuanzia 1936. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuwaambia waanze kuhesabu upya.

Ninachotaka ni mambo mawili. Mkutano mkuu uitishwe kwa orodha ya wanachama wa katiba ya zamani, si kwa orodha ya hao waanzilishi wa juzi, na aliyeamuru stoo isafishwe asimame aseme alichoma nini. Huku tukisubiri, yeyote mwenye kadi ya uanachama, risiti ya ada, picha ya timu au barua yoyote ya zamani aitoe nakala aihifadhi, asimpe mtu karatasi halisi, hata akiombwa kwa upole. Barua ya kwenda kwa Msajili naiandika wiki hii, na wanachama watakaokubali kutia saini wanitafute kabla haijapelekwa.