Miwani ya kinga inajaa ukungu, vijana wanaivua. Mnafanyaje?

MamaKarakana

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za kazi.

Ninasimamia karakana ya vyuma, na mbao kidogo. Tunakata, tunasaga, tunachomelea, na upande wa pili kuna randa na msumeno wa duara. Kila kijana anayejifunza kazi nimempa miwani yake ya kinga. Asubuhi wote wanavaa. Jua likishapanda unakuta nyingine zimepandishwa kwenye paji la uso, nyingine zinaning'inia shingoni, nyingine zimelazwa kifudifudi kwenye benchi lililojaa chembe za chuma. Ukiuliza, jibu ni lilelile: "Inajaa ukungu, sioni mstari." Na mmoja, ambaye kwa kweli mkono wake unawazidi wenzake wote, ana hoja yake: cheche zikija, yeye hufumba macho.

Kugombeza nimegombeza, kumrudisha mtu nyumbani nimemrudisha. Sasa nauliza kama tatizo ni vichwa vyao au ni miwani yenyewe. Ukungu mnaushughulikiaje? Miwani ya aina moja inatosha kazi zote? Na mtu akivaa ile ngao ya uso ya plastiki, bado anahitaji miwani?

MzeeWaTindo

Marahaba mwanangu. Nimezeekea kwenye vyuma, kwa hiyo nitaandika marefu. Mwenye haraka aruke.

Tuanze na huyo wa kufumba macho. Mpe kalamu apige hesabu. Diski ya milimita 115, kwenye grinda inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 66 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Chembe ikichomoka pale kwa mwendo huo, na uso wake uko nusu mita kutoka kwenye diski, inamfikia kabla hata ya sehemu moja ya mia ya sekunde kwisha. Kope inahitaji muda mrefu kuliko huo mara nyingi ndipo ifunge. Anachofanya ni kufumba mlango mgeni akiwa ameshakaa sebuleni. Ustadi wa mkono hauhusiki hapo. Tena hao wenye mikono mizuri ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana kazi ngumu ndio wanaopewa.

Ukungu sasa. Hapa niko upande wa vijana. Mtu asiyeona mstari atavua miwani hata ukiweka askari mlangoni, na ana haki, kwa sababu kukata bila kuona nako ni balaa. Chunguza kwanza pumzi inapita wapi. Mara nyingi kijana amevaa barakoa ya vumbi na ule waya wa puani hakuubana. Kila akitoa pumzi, hewa yenye joto na unyevu inapanda moja kwa moja nyuma ya lenzi, inakuta plastiki iliyo baridi kuliko yenyewe, inageuka matone. Bana waya kwa vidole viwili mpaka ufuate mfupa wa pua, halafu miwani ikae juu ya ukingo wa barakoa. Malalamiko mengi huishia hapo, bila kununua kitu.

Yakibaki, tazama miwani. Ile ya mkanda inayoziba jicho pande zote inapaswa kuwa na matundu yaliyofunikwa, hewa ipite na chembe zisipite. Nimeona vijana wanaziba matundu hayo kwa gundi ya karatasi ili vumbi lisiingie, kisha wanalalamika ukungu! Ukiona herufi N kwenye lenzi iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, maana yake imepakwa kitu cha kuzuia ukungu, na K ni ya kuzuia mikwaruzo. Mpako huo unadumu ukioshwa kwa maji na sabuni laini na kukaushwa kwa kitambaa safi. Ukifutwa kwa mkono wa ovaroli, siku hiyohiyo umekwisha. Lenzi iliyolazwa kifudifudi kwenye chembe za chuma ndiyo hiyohiyo wanayokwambia haionyeshi mstari, na wanasema kweli. Itupe.

Swali la pili: aina moja haitoshi. Soma maandishi madogo kwenye fremu na kwenye lenzi. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, kifaa hupigwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6. Herufi F ina maana kimestahimili gololi hiyo ikija kwa mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120, A ni mita 190. Miwani yenye vikono vya masikioni haivuki F. Ya mkanda inaweza kufika B. A utaikuta kwenye ngao ya uso. Kama fremu imeandikwa F na lenzi imeandikwa B, hesabu F, kile dhaifu ndicho kinachohesabiwa. Ya Kimarekani tafuta Z87+. Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo inayosema imejaribiwa kwa pigo kali, Z87 tupu ni ya pigo jepesi.

Chembe ya kawaida ya kusaga ni nyepesi kuliko gololi ile, kwa hiyo F inaimudu. Kipande cha diski iliyopasuka ni habari nyingine. Ndiyo maana kwenye grinda mimi nataka miwani na ngao juu yake. Ngao peke yake hapana: chini kuna uwazi, pembeni kuna uwazi, na fundi akitaka kukagua kazi huinyanyua. Akiinyanyua, zile chembe zilizotua juu yake zinamwagika usoni. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu.

Halafu kuna kazi ambazo hakuna anayeziogopa kwa kuwa hazina cheche. Brashi ya waya kwenye grinda inarusha nyuzi zake yenyewe, moja moja, zimenyooka kama sindano, na ovaroli zinaitoboa. Kulala chini ya gari na kugonga bolti yenye kutu, kila kinachodondoka kinakuja usoni. Kufungua springi. Kupuliza kazi kwa kompresa. Na tindo, ambalo jina langu limetoka huko: likipigwa muda mrefu, kichwa chake kinachanuka na kukunjika ukingoni, na zile pindo ndizo zinazoruka nyundo ikishuka. Usisubiri ziruke, zisage mpaka kichwa kirudi umbo lake. Na nyundo ya chuma kigumu isipigwe kwa nyundo nyingine hata mara moja.

Kuna mwenzangu aliyekuwa anang'oa chavi, kile kipande cha chuma kinachofunga gurudumu kwenye shafti. Alisikia kitu kimemgusa, akadhani ni jasho, akafuta, akamaliza kazi. Hakulia wala hakuvuja damu. Jioni upande mmoja ulikuwa na wingu. Picha ilipopigwa, kipande kilikuwa ndani ya jicho, kidogo kuliko punje ya mchele iliyokatika. Kichembe kidogo chenye ukali na kasi hupenya bila maumivu ya kutisha, na huo ndio ubaya wake.

MuuguziWaMacho

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho nalipigia mstari. Mtu aliyekuwa anapiga chuma kwa chuma, kisha macho yakapungua nguvu ghafla, au mboni ikaonekana imevutika upande mmoja, asingoje kesho, hata kama hakuna maumivu. Hapo usioshe, usibonyeze, na kama kitu kimechomoza usikivute. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, nenda hospitali. Na mafundi chuma wote, mkitakiwa kufanyiwa kipimo cha MRI siku moja, semeni kazi yenu kabla ya kuingia. Mashine ile ni sumaku kubwa, chuma kilichosahaulika ndani ya jicho kinaweza kusogea.

Chembe iliyonasa juu ya jicho ni nyepesi kidogo kuliko hiyo, lakini tunaipata imeshaharibiwa na rafiki. Rafiki alikuja na njiti ya kiberiti. Rafiki alikuja na ncha ya leso. Mmoja alikuja na sumaku ya spika. Jamani, chuma kikikaa pale kwa saa chache tu kinaanza kuacha duara la kutu, na kila mkwaruzo wa njiti ni jeraha jingine. Sisi tunaweka dawa ya ganzi, tunakitoa kwa sindano chini ya darubini, na kazi huwa ya muda mfupi kama mtu amewahi. Hiyo ganzi msiombe kwenda nayo nyumbani. Inaondoa maumivu na huku inazuia kidonda kupona.

Kemikali: maji ya betri yakiingia, osha hapohapo kwa maji safi ya bomba, kope zimeshikwa wazi, dakika 15 au zaidi, ndipo mje hospitali. Chokaa, saruji mbichi na magadi makali ya kuzibulia mabomba ni mabaya kuliko asidi. Asidi hugandisha nyama ya juu, na huko kuganda kunaizuia kidogo isiende mbali, ila hivyo vingine vinaendelea kula kuelekea ndani. Watu hudhani ni kinyume chake. Kwa kazi hizo miwani ya vikono haifai, matone yanaingia kwa pembeni. Iwe ya mkanda, iliyoandikwa 3 kwenye fremu.

RandaNaMsumeno

Mzee Tindo, tuheshimiane. Nakubali grinda, nakubali msumeno wa duara, kifundo cha ubao kikirushwa hakina urafiki. Lakini kuna watu wanataka mtu avae tangu anaingia lango mpaka anatoka. Mimi nikiranda kwa mkono sivai, na sioni kwa nini nivae. Mtu akilazimishwa saa zote ndipo anapoichoka, na akiichoka anaivua hata pale inapotakiwa.

La pili, wenzetu wenye miwani ya kusomea. Msiwaache wadhani wamekingwa. Lenzi ile haikutengenezwa kwa kupigwa, na pembeni iko wazi. Ziko za kinga kubwa zinazovaliwa juu yake, na ziko zinazotengenezwa kwa kipimo cha macho yako. Mwenye kuvaa kila siku achukue hizi za pili, maana mbili juu ya mbili zinabana masikio na ukungu unazidi.

MzeeWaTindo

Randa, peke yako kwenye chumba chako sitakubishia. Kwa Mama hapo juu, randa na grinda ziko chini ya paa moja. Aliye kwenye grinda ameshajikinga. Anayepigwa ni jirani aliyeinama anapima ubao, cheche zinapovuka mita kadhaa. Ama weka ukuta au pazia kati yao, ama wote wavae. Ukiweka pazia, hoja yako inasimama, na mimi ningeweka pazia.

MamaKarakana

Nimewasoma wote, asanteni. Nimekagua leo na ni kweli: waya za barakoa zimenyooka vilevile zilivyotoka kwenye pakiti! Na lenzi tatu hazipitishi hata mwanga wa taa vizuri.

Mawili yamebaki. Anayeshika chuma wakati mwenzake anachomelea, anageuza uso pembeni tu. Inatosha? Na nikiwafungia miwani kwa kamba shingoni ili isipotee kwenye benchi, kuna ubaya?

MuuguziWaMacho

Kugeuza uso hakutoshi, mwanga unarudi kutoka ukutani na kwenye mabati. Huyo msaidizi ndiye anayekuja kwetu usiku, macho yanamchoma kama yamejaa mchanga, hawezi kustahimili taa. Huanza saa 6 mpaka 12 baada ya kazi, kwa hiyo wengi hawaunganishi na mchana. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini anayerudia kila wiki anajiumiza.

MzeeWaTindo

Msaidizi avae kofia ya kuchomelea kama fundi, na wanaopita wakingwe kwa pazia. Kwa fimbo na umeme wa ampea 100 hivi, kioo namba 10 au 11. Kwa gesi, 5 hivi yatosha. Miwani ya jua haimo kwenye hesabu hiyo kabisa, hata iwe nyeusi namna gani. Na chini ya kofia avae miwani ya kinga isiyo na rangi, ya plastiki ya polikaboneti, kwa sababu akimaliza mshono atainua kofia agonge lile ganda, na ganda linaruka likiwa la moto.

Kamba usifunge kwa anayesimama kwenye mashine ya kutobolea au mashine ya kukereza chuma. Kitu kinachoning'inia karibu na shafti inayozunguka kitavutwa, na shingo itafuata. Pigilia ndoano kando ya swichi ya kila mashine, miwani itundikwe hapo, ili mkono unaokwenda kuwasha uikute. Halafu wafundishe kuivua: kwanza wapanguse kofia na nyusi kwa kitambaa, wainamishe uso, wafumbe macho, ndipo waitoe kwa kuivuta mbele. Chembe nyingi zinazoingia jioni zilikuwa zimekaa juu ya nyusi tangu mchana.