Majirani wa Naka: Hita ya nyumba 8

Mama Shiro (4): Majirani, habari za jioni. Dari ya bafu langu inadondosha maji ya uvuguvugu. Nyumba 8, kuna nini huko juu?

Baba Kim (8): Pole sana Mama Shiro. Ndio naingia kutoka kazini nikakuta bafu limefurika. Ni ile hita kubwa ya ukutani, ya lita 50. Inavuja kwa chini. Nimeizungushia taulo.

Mzee Koech (1): Taulo na stima? Toka hapo kijana!

Fundi Wanyama: Baba Kim, usiiguse. Nenda kwa boksi la swichi, zima laini ya hita. Halafu ndio ufunge koki ya maji baridi yanayoingia. Kwa mpangilio huo. Ukikatiza maji ukaacha stima, elementi, ile koili ya kuchemsha maji, inaweza kubaki kavu ikaungua.

Baba Kim (8): Nimezima. Koki ni ya hii paipu yenye alama ya bluu?

Fundi Wanyama: Ndiyo. Nyekundu ni ya kutoa maji moto. Ukishafunga, fungua mfereji wa maji moto kidogo presha ishuke. Niko Free Area, nikimaliza hapa nakuja.

Mama Shiro (4): Huku chini imepungua. Asanteni.

Baba Kim (8): 📷 Fundi, ona. Matone yanatoka kwa hiki kidude cha shaba chenye katundu.

Baba Nimo (6): Ah, hicho! Changu kilinisumbua hivyo hivyo. Nilichonga kijiti nikakiziba. Tangu Pasaka ni kikavu.

Fundi Wanyama: Baba Nimo. Hicho kijiti bado kiko?

Baba Nimo (6): Kiko imara kabisa 😄

Fundi Wanyama: Zima hita yako sasa hivi. Sicheki. Hiyo ni valvu ya usalama. Maji yakipata moto hufura: tangi la lita 50 likitoka baridi hadi nyuzi 60, huzidi kwa zaidi ya nusu lita. Tangi limejaa pomoni, na ndani ya hiyo valvu kuna kizuizi cha maji kurudi nyuma. Kilichozidi kitapitia wapi? Na siku themostati, ile ya kukata moto maji yakifika joto lake, ikikwama, maji yataendelea kuchemka na presha kupanda mpaka tangi lipasuke.

Mzee Koech (1): Na kitanda changu kiko ukuta mmoja na nyumba 6?

Mama Nimo (6): Mzee, nimezima mimi mwenyewe. Huyu tutaongea naye.

Baba Nimo (6): Lakini si kilikuwa kinavuja?

Fundi Wanyama: Kilikuwa kinafanya kazi yake. Matone machache hita ikiwaka ni kawaida, ndiyo maana inafaa kuwekwa kipaipu cha kuyapeleka kwa mtaro. Kikidondosha mchana kutwa hata hita ikiwa imezimwa, hapo ama kimeingia mchanga ama presha ya maji ni kubwa mno. Kinabadilishwa. Hakizibwi.

Baba Kim (8): Sasa bafu lote limefurikaje kwa matone machache?

Fundi Wanyama: Hapo ndipo nina shaka. Kausha viungo vyote vizuri, zungushia kila kimoja tishu, kisha fungua maji baridi kidogo. Stima ibaki imezimwa. Tuone tishu gani italowa ya kwanza.

Baba Kim (8): Viungo vyote vikavu. Maji yanachuruzika kutoka ndani ya kile kifuniko cha plastiki chini, na yana rangi ya kutu.

Fundi Wanyama: Funga tena. Kifuniko usikifungue, nyaya ziko hapo.

Keateka: Mwenye nyumba anauliza kama shida ni kubwa au ni ndogo.

Mama Shiro (4): Mwambie aje asimame chini ya dari yangu.

(saa 3:40 usiku)

Fundi Wanyama: Nimefungua. Gasketi ya elementi, ule mpira wa kuzuia maji, imekauka kama biskuti, chini kuna tope la chumvi, na ile fimbo ya magnesi imebaki waya tu. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, tangi ndilo linalofuata. Nimemulika ndani, bahati yako bado ni zima. Lingekuwa limetoboka, singekudanganya na gundi wala kuchomelea, ungenunua jingine. Kesho naleta gasketi, fimbo na valvu.

Keateka: Mwenye nyumba amekubali kulipa vifaa. Anataka risiti.

Fundi Wanyama: Atapata. Baba Nimo, kijiti nakuja kukitoa mwenyewe.

Baba Nimo (6): Karibu fundi. Chai iko.

Mama Shiro (4): Na dari yangu?

Baba Kim (8): Nitaipaka Jumamosi, Mama Shiro. Nyeupe au krimu?

Mama Shiro (4): Krimu. Na ukuje na brashi, yangu iliazimwa na nyumba 6.