Huyu mtunzi wa mtihani wa ujirani mwema, ule wa shule jirani kwa pamoja, nani alimpa kalamu?

Wakuu, salamu baadaye. Natoka kusahihisha sasa hivi, naandikia hapa kijiweni kwa bodaboda, na mikono inatetemeka.

Yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila kata ina wake, ila wa kwetu ndiye baba lao. Kalamu tatu mfuko wa shati, na hakuna hata moja iliyowahi kutunga swali lenye jibu.

Swali la 17, Maarifa ya Jamii, darasa la saba. Nalinukuu kama lilivyo, nisije nikaambiwa namsingizia mtu:

"Mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ni upi? A. Kilimanjaro B. Mlima Kenya C. Mlima Kilimanjaro D. Kibo E. Yote hapo juu."

Mwongozo wa kusahihishia unasema D. D! Darasa langu karibu lote limechagua A au C, limekula sifuri. Watoto ambao mlima wenyewe wakiamka asubuhi wanauona dirishani!

Nikanyoosha kidole kama mtoto wa chekechea. Kwa adabu zote nikasema: Mkuu, A na C si mlima mmoja? Na Kibo si kilele cha huohuo, pamoja na Mawenzi na Shira? Ofisi nzima kimya. Kuku wa nje wakanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia kama ankara ya umeme, akasema:

"Mwalimu, kula andazi."

Kula andazi! Mbele ya walimu wa shule sita! Mbele ya binti wa mazoezi ya kufundisha aliyeripoti Jumatatu na kuniita "mwalimu mlezi"!

Na si la 17 peke yake. La 22: "Kifaa cha kupimia kiasi cha mvua huitwaje?" Machaguo: kipimamvua, mwamvuli, ndoo, koti, gari. Gari, wakuu! Kipotoshi, yaani chaguo lisilo sahihi, kinatakiwa kimvute asiyejua. Weka baromita, weka anemomita, mtoto akune kichwa. Sasa huyu kaweka gari, na jibu kalitaja kwenye swali lenyewe.

La 31: "Matunda yenye vitamini C kwa wingi ni..." halafu mkate, mchele, ugali, machungwa, chai. Hapo hata asiyejua vitamini ni nini anapata kwa ngeli tu, swali limeanza na "matunda" na ni chaguo moja tu lililovaa "ma-".

La 36 kaandika "ipi si" na hiyo "si" haina mstari, haina wino mzito, imejificha kama mdaiwa. La 40 jibu sahihi lina mistari mitatu na mkato katikati, mengine neno mojamoja. Kuanzia la 41 mpaka la 48 majibu yote C. Mtoto anayejua anaanza kujitilia shaka, anafuta kilicho sahihi.

Halafu mimi ndiye niambiwe kula andazi. Na kwenye mtihani wa taifa watoto wanasiliba fomu, wanatia weusi kwenye herufi ya jibu, na mashine inayosahihisha haina cha "Kibo ndicho kirefu, Kilimanjaro ni jina tu." Ndiyo, alijitetea hivyo! Huku anatafuna!

Nimemaliza. Kula andazi. Mimi.

KalamuNyekundu: Pole mkuu. Swali: baada ya kuambiwa, mleta uzi alifanyaje? A. Alikula B. Alikula amenuna C. Alikula mawili D. Alifunga moja kwenye karatasi akapeleka nyumbani E. Yote hapo juu

BintiWaPwani: E. Nakazia.

MlimaHauhami (mleta uzi): Nilikula, nilikuwa sijanywa chai. Hiyo si hoja!

FutioLaBluu: Ndiyo hoja yenyewe hiyo. Mtu aliyedhulumiwa anakula andazi la aliyemdhulumu? Ulishindwa kesi mwenyewe.

MzeeWaRula: Vijana, mimi nimestaafu. Zamani kabla ya kushika kalamu tulichora jedwali, mada ipi, maswali mangapi. Na vipotoshi hatukuvitoa kichwani, tulipekua madaftari ya watoto. Ukiuliza nusu jumlisha theluthi, lazima uweke 2/5, maana kuna watakaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Akichagua 2/5 unajua kabisa alipopotea, Jumatatu unarudi naye hapohapo. Sasa aliyechagua "gari" utarudi naye wapi?

FutioLaBluu: Gereji.

BintiWaPwani: Mzee shikamoo. Kiinua mgongo kimetoka?

MzeeWaRula: Marahaba. Hilo usiniulize, nina presha.

JiraniWaNamanga: Sisi huku Kenya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa A hadi D, tangu 1985 hadi ilipokwisha 2023. Hiyo E yenu ya kazi gani? Mimi hisabati nilichapa C kutoka juu hadi chini nikapata kama robo, nikaenda zangu.

MlimaHauhami: E inapunguza bahati nasibu ndugu yangu. Ukiwa na manne, anayekisia ana moja kwa nne, ukiwa na matano ana moja kwa tano. Ila E iwe jibu la maana, si "yote hapo juu" wakati humo ndani kuna Mlima Kenya!

JiraniWaNamanga: Mlima Kenya umekukosea nini tena?

MlimaHauhami: Haujanikosea!

JiraniWaNamanga: Mita 5,199, heshima kidogo tafadhali.

SupuYaChuo: Nyie mnalia na darasa la saba. Huku kwetu kuna dokta mmoja, ukikosa anakukata alama ulizokwishapata, na swali linasema "chagua jibu lililo sahihi zaidi". Yote ni sahihi, lakini moja limemzidi mwenzake, na anayejua ni yeye na marehemu mama yake.

KalamuNyekundu: Huyo namjua. Kofia?

SupuYaChuo: Kofia.

FutioLaBluu: Afadhali nyie mnakatwa alama. Sisi tumesahihisha siku tatu, posho tumeambiwa "mtapigiwa". Simu naiangalia mpaka imeisha chaji.

BintiWaPwani: Siku tatu bila posho na andazi hukupewa?

FutioLaBluu: Tulipewa mihogo.

MzeeWaRula: Mihogo ya kuchemsha au ya kukaanga?

FutioLaBluu: Kuchemsha. Bila chachandu.

MzeeWaRula: Huo sasa ni unyanyasaji.

MlimaHauhami: Jamani, turudi kwenye swali la 17. Matokeo yanabandikwa Jumatatu, watoto wangu wana sifuri pale.

SupuYaChuo: La 17 ndilo lipi tena, la gari?

KalamuNyekundu: La andazi.

BintiWaPwani: Mleta uzi, kwani lilikuwa na iliki?

MlimaHauhami: Lilikuwa nayo.