Tupeane uzoefu: kanda za MiniDV zinazokata sauti

Wakuu wa Kigoma na Tabora, salaam. Nahamishia kwenye kompyuta harusi za zamani za MiniDV, zile kaseti ndogo za kamera za dijitali. Jana nilikuwa na nikahi ya Ujiji: shehe anasikika vizuri, bwana harusi anafungua mdomo kukubali, kimya! Sekunde mbili. Picha inaendelea, na vijimraba vichache tu. Mama mwenye kanda ananiuliza kama ndoa yake ilisihi. Nani yamemkuta?

Fundi wa Mwanga: Cheza palepale mara tatu. Kimya kikihama, shuku kwanza hedi chafu, yaani kile kichwa cha kamera kinachosoma kanda. Kikibaki palepale, usikate tamaa, jaribu kamera nyingine. Kanda hizi si kama VHS yenye sauti yake pembeni. Hapa sauti imeandikwa kwenye mistari ileile ya mshazari yenye picha, kila mstari upana wa mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hedi ikishindwa kusoma, picha inaazima vipande vya fremu iliyopita na jicho halishtuki. Sauti haina pa kuazima, inanyamaza. Mimi niliwahi kumrudishia mteja kanda nikamwambia imekufa, kumbe kamera yangu ndiyo ilikuwa mbovu. Hadi leo nikimwona sokoni napita upande wa pili.

Mnyamwezi: Angalia kama ilirekodiwa LP, ule mwendo wa polepole wa kurefusha kanda. Watu walibana matumizi, kaseti ya dakika 60 ibebe 90, mistari ikawa mikroni 6.7. Kamera ngeni inapata taabu kuifuata. Yangu ilikubali kamera ileile iliyorekodi tu. Niliikuta Urambo, betri imekufa, tukaiwasha kwa chaja.

Vumbi la Tabora: Kaseti ya kusafishia, sekunde 10 basi, wala usiirudishe nyuma. Pamba ya masikio usiipeleke kwenye hedi! Nilivunja hedi ya shemeji kwa namna hiyo, bado ananidai.

Kibirizi: Picha ikiwa safi kabisa na sauti inakatika, mimi nashuku tundu la maiki lilikuwa limelegea siku ya shughuli. Hiyo hairudi, pole.

Mleta mada: Mrejesho. Nimesafisha hedi, kanda nimeipeleka hadi mwisho na kuirudisha, sehemu mbili zikafunguka. Ya bwana harusi ikagoma. Kucheki, LP! Mpigapicha wa siku ile bado anayo kamera yake, kaiweka kabatini kwenye mfuko wa rambo. Tumecheza. Imetoka "…mekubali", ile "ni" ya mwanzo imebaki humohumo. Mama kasema inamtosha, kaomba kopi tatu.