Ukoo wa Makorora: kidude cha TV ya Bibi

*Ijumaa*

Rehema (1:12 usiku): Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa wote. Bibi kaniambia niandike. Flashi ya harusi ya da Zaina imegoma tena. Ukiichomeka TV inawaza weee, halafu inasema hakuna kitu ndani. Ile ya kaswida inafunguka vizuri tu.

Mwanaidi: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Si Fadhili aliyeileta hiyo flashi? Fadhili uko wapi

Hamisi: Flashi haina kosa, TV ndiyo imezeeka. Ile tulimnunulia mama 2013. Mtafutieni kile kidude cha kuchomeka nyuma, TV inakuwa janja, anaangalia mawaidha YouTube moja kwa moja. Habari ya flashi inakwisha.

Zaina: Naunga mkono mjomba. Hapa mtaani kuna duka wanauza boksi la Android elfu 75 na rimoti yake. Nimelipiga picha

Zaina: [picha]

Zaina: Someni wenyewe. 8K, RAM GB 8, memori GB 128

Mwanaidi: Elfu 75 mbona tunachanga leo leo. Mie naanza na 20

Hamisi: Mimi 15. Mwisho wa mwezi lakini

Fadhili (1:40 usiku): Shikamoo shangazi, shikamoo baba. Nilikuwa na mteja. NAOMBA MTU ASITUME HELA KWANZA 🙏

Mwanaidi: Marahaba. Haya, fundi kafika 😂

Fadhili: Da Zaina, hayo maandishi ya kwenye boksi yasikutishe. Boksi lenye jina lake, mfano Xiaomi TV Box S ile iliyotoka 2023, lina RAM GB 2 na memori GB 8. Basi. Na ni ghali kuliko hilo. Sasa hili lisilo na baba wala mama limezitoa wapi GB 8 na 128 kwa elfu 75? Yanakuja mengi kwangu kutengenezwa. Ukilifungua unakuta GB 1. Zile namba za kwenye menyu mtu kaziandika tu, kama unavyobadilisha jina la hotspoti.

Zaina: Mmh. Na 8K?

Fadhili: TV yenyewe ya Bibi haifiki hata HD kamili, da Zaina. 8K ataiangalia na nani

Hamisi: Hapo mwanangu kanigusa. Niseme ukweli, mwaka jana nililinunua la namna hiyo Msamvu, Morogoro, elfu 80. Nyumbani nikasema nimepewa na rafiki. Wiki ya kwanza raha mustarehe. Ya pili likaanza kujifungulia matangazo ya kamari lenyewe, tumekaa tunakula. Halafu bando. Naweka GB 10 jioni, tunalala, asubuhi hakuna kitu. Nikawa nawashuku watoto

Mama Fadhili: Nimesoma.

Hamisi: Mke wangu

Mama Fadhili: Elfu 80. Endeleeni

Zaina: 😂😂😂 mjomba pole

Fadhili: Watoto hawakuwa na kosa baba. Januari 2023 kuna mtaalamu wa kompyuta alinunua boksi moja la T95, akakuta virusi vimo ndani tangu halijatolewa kwenye kasha. Juni 2025 FBI wa Marekani nao wakatoa tahadhari juu ya visanduku vya aina hii. Kikishaunganishwa tu, watu usiowajua wanapitishia mambo yao kwenye intaneti yako. Huenda lako lilikuwa linafanya kazi ya usiku. Kama bado mnalo, msiliwashe.

Mama Fadhili: Lipo chini ya kitanda. Nilikuwa najiuliza ni la nini

Salehe (2:15 usiku): Nawasoma tu nikiwa kazini. Mama asihangaike. Huku Muscat Fire TV Stick, zile stiki za Amazon za kuchomeka kwenye TV, zimejaa madukani, kuna mtu wa Pongwe anakuja mwezi ujao, nampa kwenye begi.

Mwanaidi: Alhamdulillah. Limekwisha hilo

Fadhili: Shikamoo ba'mdogo. Hiyo stiki ni nzuri, sina neno nayo. Lakini ina tundu moja tu, la umeme. Flashi utaichomeka wapi? Na Bibi maisha yake yote yako kwenye flashi. Ile stiki ndogo ya Xiaomi nayo hivyo hivyo, ndiyo maana nilitaja boksi, lenyewe lina tundu la USB kwa nyuma.

Salehe: Marahaba. Basi Chromecast yangu ya zamani, kile kidude cha Google cha kurusha video ya simu kwenye TV, ipo kabatini bure

Fadhili: Ya mwaka gani?

Salehe: Ile ya duara, inaning'inia na kiwaya. Nadhani 2016

Fadhili: Hizo ndizo zilizogoma dunia nzima Machi 2025. Zilikuwa na cheti cha ndani cha miaka kumi, siku ikafika kikafa, watu wakadhani zimeungua. Google wakazifufua baada ya siku chache, na kutengeneza Chromecast walishaacha tangu 2024. Lakini tatizo si uzee ba'mdogo. Haina rimoti. Inaendeshwa kwa simu, na Bibi ana kiswaswadu.

Salehe: Haya nimenyoosha mikono

Mwanaidi: Wewe Fadhili kila kitu hakifai. Sema basi kinachofaa

Fadhili: Shangazi, mpaka nione nyuma ya TV. Rehema, tuma picha ya nyuma tafadhali

Rehema: [picha]

Fadhili: Hiyo ni mbele

Mwanaidi: Kitambaa hicho nilimfumia mimi 🥰 na ua bado lipo juu yake

Rehema: Bibi kasema nisiliguse ua. Subiri naingia pembeni na tochi

Rehema: [picha]

Fadhili: Ahsante. Haya, matundu ya HDMI, ya kuchomeka kidude, mawili, yote yako wazi. King'amuzi kimekaa kwenye zile waya tatu, nyekundu, nyeupe, njano. USB moja. Sasa na hapa niseme jambo, maana wengi wanaponzwa hapa. Ukinunua stiki au boksi, usiliwashe kwa umeme wa ile USB ya TV. Kwenye TV za umri huu inatoa nusu ampia. Kidude kinataka ampia moja na zaidi. Kinawaka, kinaonyesha alama yake, kinazima, kinawaka tena, halafu mtu anakileta dukani anasema kibovu. Kichomekwe chaja yake ukutani.

Zaina: Ndiyo ilivyokuwa ya jirani yangu! Kaiuza elfu 30

Fadhili: Aliyeinunua kapata. Rehema, hapo nyumbani intaneti mnatumia ya nani?

Rehema: Ya simu yangu. Bando la wiki

Fadhili: Hilo nalo. Netflix wenyewe wameandika kuwa picha ya kawaida saa moja inakula hadi GB 1, na HD hadi GB 3. YouTube nayo ukiiachia kwenye TV ijichagulie picha haina huruma. Mawaidha ya saa mbili kila asubuhi, bando la Rehema litafika Jumanne kweli?

Rehema: Kaka Fadhili naomba nilindwe 😭

Hamisi: Tutachangia na bando

Mama Fadhili: Kwa hela zipi, za rafiki aliyekupa boksi?

Rehema (3:02 usiku): [sauti, sekunde 51] Bibi huyo

Mwanaidi: Niko kwenye daladala, makelele. Nani ananiandikia

Salehe: Mimi nipo na bosi

Zaina: Haya. Anasema hivi: "Wanangu, nawasikia mnatajataja maandroidi. Mimi sikuomba androidi. Mawaidha nasikiliza redioni, redio yangu nzima. Mimi nimeomba harusi ya Zaina, mara ya tatu sasa. Watu wote wameiona, mpaka jirani huyu hapa kaiona kwenye simu ya mwanawe, mimi niliyeimba pale sijaiona. Hiyo tu. Na Hamisi usigombane na mkeo." Halafu kuna kuku anapiga kelele, imekwisha.

Mwanaidi: Jamani

Salehe: Sisi wote hatukumuuliza

Fadhili: Shangazi nina la kukiri.

Mwanaidi: Kiri

Fadhili: Yule mpiga video alinipa harusi nzima kama faili moja, GB 9. Flashi ikitoka dukani mara nyingi imepangwa kwa mtindo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Mimi nikaipanga upya kwa NTFS ili faili liingie. Likaingia. Sikukumbuka kuwa TV ya 2013 inaweza isijue NTFS. Ndiyo maana inasema hakuna kitu ndani, na ile ya kaswida inafunguka. Na hata ingeijua, video imerekodiwa kwa H.265, mtindo mpya wa kubana video, TV hiyo inaelewa ule wa zamani, H.264, angesikia vigelegele bila picha.

Mwanaidi: Kwa hiyo tangu Magharibi tunabishana Muscat na Morogoro kwa kosa lako?

Fadhili: Ndiyo shangazi 🙈

Hamisi: Na mimi nimeumbuliwa bure

Mama Fadhili: Si bure

Zaina: Sasa inatengenezeka au tununue boksi?

Fadhili: Inatengenezeka, na haigharimu senti. Usiku huu naigeuza iwe H.264, naikata vipande vitatu, kila kimoja chini ya GB 4, naipanga flashi FAT32. Kompyuta yangu ya dukani inapumua kwa shida, itamaliza alfajiri. Kesho naipeleka stendi, konda wa basi la saa mbili namfahamu.

Salehe: Boksi nitalileta hata hivyo, lenye tundu la USB kama ulivyosema. Rehema na wenzake nao waangalie vyao. Ila bando ni langu, msimguse mtoto

Rehema: Ahsante sana ba'mdogo 🙏🙏🙏 Bibi anauliza litakaa wapi

Fadhili: Juu ya meza, pembeni ya TV. Lisifunikwe na kitambaa, lina joto.

Rehema: Kasema kitambaa hakitoki

Mwanaidi: Nitamfumia kingine kifupi

*Jumapili*

Rehema (10:20 alasiri): Flashi imefika. Konda kasema anadai soda

Fadhili: Nitamlipa. Jaribu

Rehema: IMEFUNGUKA

Rehema: Sauti ipo na picha ipo. Kipande cha kwanza. Chumba kimejaa, jirani kaja na wanawe wote

Zaina: Mlinionaje 😍

Rehema: Bibi hajakuangalia bado da Zaina. Kuna mahali Babu kasimama mlangoni na bakora anawahesabu wanaoingia ukumbini. Hapo hapo. Ikipita anasema rudisha

Mwanaidi: Ile ilikuwa wiki tatu kabla

Hamisi: Ndiyo

Rehema: Hii mara ya nne. Kaka Fadhili, rimoti hii inarudisha mpaka mwanzo kabisa, tunaanza na magari upya. Nafanyaje

Fadhili: Usibonyeze ile yenye kistari. Bonyeza mishale miwili inayotazama kushoto, mara moja tu, hesabu mpaka tatu, halafu pleyi.