Seva moja ni nzima, lakini klasta imegoma kuanzisha hifadhidata

zamu_ya_usiku

Habari wakuu. Nina klasta ya seva 2 zinazosaidiana, alfa na beta, inayoendeshwa na Pacemaker (inayoamua huduma ikae seva gani) na Corosync (inayoziwezesha seva kuwasiliana). Naisimamia kwa Hawk, ukurasa wake wa usimamizi, kupitia kivinjari, mlango wa 7630. Kundi la rasilimali (huduma zinazohama pamoja) ni moja tu, g-data: mfumo wa faili, hifadhidata na anwani ya IP inayohama nayo.

Jumapili usiku nilitaka kusasisha kerneli ya alfa. Nikabofya kitufe cha kuhamisha, nikachagua kundi liondoke kwenye seva lilipo, likaenda beta bila shida. Nikamaliza kazi, nikalala.

Alhamisi pawasaplai ya beta ikaungua. Alfa ikatuma STONITH, yaani amri ya kuizima kwa nguvu seva iliyopotea, ikathibitisha kwamba beta imezimika, nami nikahesabu sekunde nikijua g-data itaamka. Haikuamka. Kwenye skrini alfa ni kijani, g-data imesimama. Nikabofya kuanzisha mara 6 au 7, kimya. Hakuna hata kosa moja jekundu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Watu walikaa dakika 50 bila kazi, hadi tulipobadilisha pawasaplai. Beta iliporudi, g-data ikaamka yenyewe hukohuko beta.

Je, ni akidi, yaani idadi ya seva hai inayotakiwa klasta ifanye kazi? Nimeweka two_node: 1, inayoruhusu seva moja iendelee peke yake. Au niachane na vitufe nirudi kwenye amri?

fundi_klasta

Pole sana mkuu. Akidi siyo: alfa ingeikosa, isingeizima beta. Fungua orodha ya masharti ya mahali, yaani kanuni za seva gani rasilimali ikae au isikae. Naamini utakuta cli-ban-g-data-on-alfa, yaani katazo la g-data kukaa alfa.

Pacemaker haina kitu kinachoitwa "hamisha mara moja". Inachojua ni alama tu, namba inayoipa kila seva kwa kila rasilimali. Ulipobofya kuondoa kundi alfa, Hawk iliandika sharti la kudumu lenye alama ya -INFINITY dhidi ya alfa, yaani hasi 1,000,000. Alama hiyo haishindwi na chochote, hata kama alfa ndiyo seva pekee iliyobaki hai. Kitufe cha kuanzisha nacho kinasema tu "nataka hii iwe inaendeshwa", hakiondoi katazo. Klasta ilitii ulichoagiza Jumapili, ndiyo maana hukuona kosa.

Na amri zisingekuokoa, maana crm_resource --ban inaandika sharti hilohilo.

zamu_ya_usiku

Nimelikuta, jina hilohilo neno kwa neno. Limekaa pale siku 4 na mimi kila asubuhi naangalia ukurasa wa hali, naona kijani tupu!

Naomba kuuliza kabla sijagusa: nikilifuta sasa hivi mchana, g-data haitaruka kurudi alfa? Kuhama kwake ni kuzima hifadhidata na kuiwasha tena.

fundi_klasta

Swali zuri. Inategemea resource-stickiness, yaani alama ya rasilimali kung'ang'ania pale ilipo. Ikiwa 0, klasta inaweza kuona alfa haina mzigo ikalirudisha kundi. Weka 100 kwanza, kisha ufute sharti. Ukitaka kuhakikisha, Hawk ina hali ya majaribio: unafanya badiliko, inakuonyesha klasta ingechukua hatua gani, bila kugusa kitu halisi. Humohumo unaweza kuiambia "beta imekufa" uone g-data inaenda wapi. Jaribio hilo mimi nalifanya kila baada ya kuhamisha chochote.

mlezi_wa_nodi

Naongezea. Kwa matengenezo usihamishe rasilimali, iweke seva yenyewe kwenye standby, yaani ipumzishwe isibebe rasilimali yoyote. Rasilimali zinaondoka bila sharti lolote kuandikwa, na ukisahau kuirudisha, seva inaonekana waziwazi kwenye ukurasa wa hali kuwa imepumzishwa. Ukilazimika kuhamisha, tumia amri yenye --lifetime PT2H, sharti liishe nguvu baada ya saa 2. Kama Pacemaker yako ni ya kabla ya toleo la 2.0.3, muda huo usiutegemee kwa dakika kamili, kwa sababu klasta ilikuwa inakagua mambo ya saa kila baada ya dakika 15, kama hujabadilisha.

zamu_ya_usiku

Nimeweka 100, nikajaribu kwanza: kufuta hakuhamishi kitu. Nikafuta kweli, g-data imetulia beta. Kisha nikaiua beta kwenye majaribio, na safari hii hatua zikajipanga: mfumo wa faili alfa, hifadhidata alfa, IP alfa. Jumapili hii beta ina kerneli ya kusasishwa. Naenda na standby.