Nimenunua baiskeli ya milioni nne kwa kadi nipate pointi. Nimepata sifuri!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira. Benki siitaji na duka silitaji, maana nimeshaandika barua ya malalamiko na sitaki waje kusema nimewachafua. Ila nimepigwa, na nimepigwa mchana kweupe.

Mwezi wa sita benki yangu ilinitumia meseji: lipa kwa kadi ya mkopo kitu chochote cha kuanzia milioni 4, upewe pointi mara tano. Siku za kawaida ni pointi moja kwa kila shilingi 1,000, na ukikatia tiketi ya ndege wanaihesabu pointi moja shilingi 10. Kadi yenyewe msidhani nilipewa kwa sura. Nilifungiwa milioni 5 zangu kwenye amana ya muda maalumu kama dhamana. Yaani nakopeshwa hela yangu, halafu natozwa riba juu yake. Haya.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Jumamosi tunapanda kutokea Ngaramtoni kwenda Olmotonyi, hapa Arusha, na ile yangu ya mtumba ilikuwa imechoka mpaka gia zinajibadilisha zenyewe. Nikaenda duka moja Njiro. Kibandiko cha bei kiko kwa dola, wakati kanuni za 2025 zimeshakataza kupanga bei za humu ndani kwa fedha za kigeni. Nikanyamaza, akili yote ilikuwa kwenye pointi. Jamaa akaniambia, "Mkuu, keshi nakufanyia nne kamili. Kadi ni nne na laki mbili, na mashine inakula asilimia tatu juu." Jumla 4,326,000. Nikagusisha kadi, mashine ikalia, nikatoka natabasamu kama nimeokota.

Usiku, mama watoto amelala, nikapiga hesabu kwenye simu. Pointi 21,630, sawa na shilingi 216,300. Toa 126,000 ya mashine, nabaki na faida ya 90,300. Ile laki mbili ya punguzo la keshi sikuihesabu kabisa, wakuu. Hata wangenipa pointi zote bado ningekuwa chini kwa zaidi ya laki. Hilo ni la kwangu, nicheke mwenyewe.

Lakini hata hizo hawakunipa! Taarifa ya kadi imekuja: pointi 0.

Nikaenda tawini. Dada wa huduma kwa wateja akaandika, akaandika, akageuza skrini nione. Pembeni ya muamala wangu kuna namba 6540. "Kaka, hapa inasomeka umejaza pesa kwenye pochi ya mtandaoni. Miamala ya hivyo haina pointi." Nikamwambia dada yangu, pochi yenyewe ina magurudumu mawili, iko nje imefungwa mnyororo kwenye mti, twende ukaione. Hakucheka.

Ndiyo nikajua kumbe kila mwenye mashine ya kadi anapewa namba ya tarakimu nne inayosema anafanya biashara gani. Duka la baiskeli ni 5940. Sasa lile duka halina mashine yake, linatumia ya kampuni ya kati inayokusanya malipo ya wafanyabiashara wengi, na kampuni hiyo imesajiliwa kwa ile 6540 ya pochi ya mtandaoni. Nikakunjua risiti kwenye waleti: juu kabisa kuna jina la hiyo kampuni, la duka halipo popote. Mnaonunua vitu vikubwa kwa kadi, ombeni kwanza risiti ya kitu kidogo muone imeandikwa jina gani.

Benki wanasema nenda dukani wabadilishe namba. Dukani wanasema hayo ni mambo ya benki. Kampuni ya kati nikiiandikia inanijibu mashine. Wiki ya tano sasa ni danadana tu. Na kwenye ile meseji ya ofa yote haya yalikuwa yamejificha ndani ya maneno manne, vigezo na masharti kuzingatiwa. Nitazingatiaje namba ambayo mashine hainionyeshi?

Kilichoniua zaidi ni riba. Kwa hasira nikalipa 4,200,000 kabla ya tarehe ya mwisho, nikazuia 126,000 mpaka waniambie la maana. Nilidhani riba itahesabiwa kwenye hiyo 126,000 iliyobaki. Wapi! Ukibakiza hata kidogo, zile siku za bure za kulipa bila riba zinafutika, riba inarudi nyuma mpaka siku uliyonunua, kwenye deni zima. Siku 40, asilimia 3 kwa mwezi: 173,040. Riba imezidi nilichokizuia!

Wasiponijibu mpaka Ijumaa napeleka faili BoT (Benki Kuu), tawi la hapa Arusha, pamoja na zile kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Kuna aliyewahi kurudishiwa pointi kwa kesi ya namba ya duka? Ulionyesha nini, risiti ilitosha? Wa "si ungelipa keshi" nimewasoma kabla hamjaandika.

Jumamosi tairi la nyuma limepata pancha kule Olmotonyi. Fundi kaziba kwa buku mbili, nikampa mkononi.